Gari yenye rikoli na ile injini "isiyokufa"

Kuna kitu nimekiona kwa wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika. Ukimwambia tu kwamba gari hii ina rikoli, yaani iliwahi kuitwa na kampuni irudi kurekebishwa, mtu anarudi nyuma hatua mbili kama umemwambia ina jini. Halafu huyohuyo wiki ijayo ananunua gari isiyo na rikoli hata moja ila hakuna anayejua oili yake ilimwagwa lini, na analala usingizi mzuri tu. Mi niliimiliki ile ya kwanza, iliyoitwa kwa sababu ya injini, shemeji yangu akamiliki ile ya pili ambayo kila fundi anaapa injini yake haifi, na tukaziendesha miaka ileile. Ya kwangu ndo iliyofika mbali.

Tuanze na rikoli yenyewe maana watu wanaichanganya sana. Rikoli ni kampuni kukiri kwamba kuna kitu ilikosea yenyewe, ama kwenye kuchora ama kiwandani, na hicho kitu kinaweza kuumiza mtu, kwa hiyo inaita magari yote ya kundi lile iyarekebishe bure, kipuri na kazi. Marekani wana sheria ya mambo haya tangu 1966 na idara yao ya usalama barabarani, NHTSA, ndo inasimamia, Japani inasimamiwa na wizara inayohusika na usafirishaji. Sasa gari kuwa na rikoli haina maana ni mbovu kuliko jirani yake, ina maana tatizo lake linajulikana, limeandikwa na lina dawa. Matatizo yanayonitisha mimi ni yale ambayo mafundi wote wanayajua ila kampuni imekaa kimya.

Gari yangu niliinunua mkono wa pili. Na hapa ndo penye shimo kubwa la mfumo mzima, kwa sababu barua ya rikoli inaenda kwa yule ambaye jina na anwani yake vimo kwenye usajili, na mwenye gari wa kwanza keshauza, keshahama, barua inapokelewa na mpangaji mpya ambaye hana hata habari. Mimi nilijua kwa bahati. Nilikuwa natafuta filta sahihi ya oili, nikaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni, ikaja na maandishi mekundu juu kabisa kwamba kuna rikoli ya injini haijafanyiwa kazi. Hiyo namba ina herufi na tarakimu 17, unaikuta chini ya kioo cha mbele upande wa dereva au kwenye nguzo ya mlango, na haitumii kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kinafanana na O ujue ni sifuri. Kwa gari iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani mambo ni tofauti, namba yake ni fupi na ina kistari katikati, ukiiingiza kwenye kurasa za Marekani au Ulaya inakataa, inabidi utafute ukurasa wa rikoli wa kampuni hiyo wa Kijapani. Wengi wanaishia pale inapokataa wanasema basi gari yangu haina kitu. Siyo hivyo, umeuliza dirisha lisilo lake.

Kampuni sitaitaja, na wala haitasaidia kitu kuitaja kwa sababu tatizo lilikuwa la aina ambayo imewapata wengi: beringi za konrodi, yaani vile vikombe vinavyokaa kati ya konrodi (fimbo inayoshika pistoni) na krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini). Nikaipeleka kwa wakala. Fundi aliyepewa gari yangu alikuwa mtu mzima mkimya, akamwaga oili, akatoa filta, halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kuona fundi anafanya, akaikata filta katikati, akatoa ile karatasi ya ndani, akaikunjua juu ya meza na kuisogeza chini ya taa. Kwenye mikunjo kulikuwa na vichembe vinang'aa, vidogo sana, vingine vyeupe vingine kama vina rangi ya shaba. Akapitisha sumaku juu yake. Vichache vikaruka kwenye sumaku, vingi vikabaki palepale vimelala kwenye oili. Akaniambia, kaka, vinavyokamatwa na sumaku ni chuma, hivi visivyokamatwa ndo tabaka laini la juu ya beringi, ukiona vimeanza kuwa vingi ujue kikombe kinalika. Injini yenyewe muda huo ilikuwa inanguruma vizuri tu, hainoki (haigongi ndani), haitoi moshi, taa haiwaki hata moja.

Halafu akauliza swali ambalo ndo limenifanya niandike yote haya: "Una kumbukumbu za servisi?"

Ngoja nieleze, maana wengi hukwama hapa. Rikoli yenyewe hawakuulizi ulikuwa unamwaga oili au humwagi, wanakagua na kurekebisha kile kilichoandikwa. Lakini rikoli za injini mara nyingi zinakuja na kitu cha pili kimeshikana nazo, waranti iliyoongezwa muda, yaani leo wanakukagua na kukuwekea programu mpya kwenye kompyuta ya gari, halafu wanakuahidi kwamba injini ikija kufa kwa tatizo lilelile ndani ya muda fulani watabadilisha. Hiyo ahadi sasa ina masharti, na sharti kubwa ni uonyeshe kwamba hukuitesa. Kwa hiyo injini mbili zenye kosa lilelile la kiwandani, moja inapewa nyingine bure, mwenzake anaambiwa pole sana mzee.

Bahati yangu, aliyeniuzia alikuwa mtu wa makaratasi. Kwenye droo ya dashibodi aliacha bahasha ina risiti zote za oili na filta, na mimi niliendelea palepale alipoishia. Ila nilichoongeza ni picha. Zile risiti za mashine zinafutika, ukiacha kwenye gari inayopigwa na jua baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo mi kila nikimwaga oili napiga picha risiti, napiga picha kopo la oili upande wenye maandishi ya daraja na unene, napiga picha kilometa kwenye dashibodi, zote siku hiyohiyo, naweka kwenye folda moja. Hata ukimwaga mwenyewe nyumbani hiyo inakubalika mara nyingi, kinachowashinda watu ni kukumbuka.

Baada ya muda injini kweli ikaanza kunoki. Asubuhi ikiwa ya baridi unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, tok tok tok, unapanda ukikanyaga mafuta, siyo ile tiktik nyepesi ya juu kwenye vali ambayo mara nyingi inaisha yenyewe. Nikaizima palepale, nikaita gari ya kuvuta. Watu wakaniambia si ungeiendesha tu polepole mpaka kwa wakala, jamani, beringi ikishaanza kugonga kila mzunguko unakula krenki, na konrodi ikikatika inatoboa bloku, ule mwili wa injini, na oili ikimwagikia bomba la eksozi lenye moto hapo unazungumzia moto wa kweli, ndo maana matatizo haya yanahesabiwa ya usalama na siyo ya usumbufu tu. Walichukua folda yangu, wakapitia picha moja moja, wakauliza pengo moja ambalo nilikuwa na jibu lake, nikasubiri sana mpaka injini ikaja, wakafunga. Sikulipa kitu.

Sasa hili tatizo la beringi kulika, ambalo linaweza kuletwa na mabaki ya chuma ya kiwandani, lisikufanye useme ni kampuni fulani tu za hovyo. Hyundai mwaka 2015 waliita karibu Sonata 470,000 za 2011 na 2012 kule Marekani kwa sababu wakati wa kuchonga krenki vichembe vya chuma vilibaki kwenye njia za oili, na baadaye wao na Kia wakaweka programu inayosikiliza mtikisiko kupitia sensa ya noki, ikihisi beringi inaanza kugonga inapunguza nguvu ya injini kabla haijalipuka. Ukasema sawa, hao ni hao. Haya, Mei 2024 Toyota wenyewe, wale ambao mafundi wanaapa kwa jina lao, wakaita magari kama 102,000 ya Tundra na Lexus LX ya 2022 na 2023 yenye ile injini mpya ya V6 (silinda sita) ya turbo mbili, sababu ni ileile, mabaki ya kuchonga hayakusafishwa vizuri. 2025 ikawa zamu ya General Motors (GM) na injini yao ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2, karibu magari 600,000 Marekani peke yake, makosa ya krenki na konrodi.

Hiyo ya GM ina kipande kimoja kilinichekesha kidogo. Gari ikikaguliwa ikaonekana injini haina shida, dawa yake ni oili nzito zaidi, inatoka kwenye 0W-20 inaenda 0W-40, wanabadilisha filta, wanakupa kifuniko kipya cha oili kinachoonyesha hiyo namba mpya na karatasi ya kuchomeka kwenye kitabu cha gari. Mafundi wa zamani waliposikia wakashangilia, si tulisema oili nyepesi inaua injini! Mi sikubaliani nao moja kwa moja. Hiyo ni kampuni imeamua kwa injini moja yenye tatizo moja. Ukichukua oili nzito ukaijaza kwenye injini ambayo njia zake za oili, pampu na mfumo wake wa kubadili muda wa vali vimepimwa kwa 0W-20, unabahatisha tu. Fuata kitabu cha gari yako, na kitabu kikija na karatasi mpya fuata karatasi mpya.

Turudi kwa shemeji. Gari yake ni ile ukienda popote kuuliza unaambiwa hii chukua, injini haifi hii. Na yeye akalichukua hilo neno kama kinga. Alikuwa haendeshi sana, nyumbani kazini, kazini nyumbani, safari fupi fupi, na kila nikimuuliza oili ananijibu kilometa bado hazijafika. Akikuta imepungua anaongeza. Kumwaga hapana, kuongeza ndiyo. Ukimwambia kitabu kinasema kilometa kadhaa au miezi kadhaa, chochote kitakachotangulia, anasema hiyo miezi wameiweka ili wauze oili.

Kumbe hizo safari fupi ndo mbaya. Injini inapowaka ya baridi inamwaga petroli nyingi, nyingine inapita pembeni ya ringi za pistoni inaingia kwenye oili, na mvuke wa maji unaotokana na kuungua nao unaingia, sasa ukiendesha mwendo mrefu oili inapata moto wa kutosha hivyo vitu vinatoka kwa njia ya hewa, ukizima baada ya dakika chache vinabaki humo humo vinachachuka. Ndo maana vitabu vingi vya magari vina ratiba mbili, ya kawaida na ya matumizi magumu, na kwenye hiyo ya magumu hawajaandika jangwani na mashindano tu, wameandika safari fupi, foleni, vumbi, kuvuta mzigo. Ukisoma vizuri utagundua sisi karibu wote tuko kwenye ratiba ya magumu na tunajihesabu kwenye ile ya kawaida. Foleni pia haihesabiki kwenye kilometa, injini inazunguka saa nzima namba ya dashibodi haijasogea.

Siku taa nyekundu ya oili ikaanza kuwakawaka akiwa amesimama kwenye foleni, akikanyaga inazima. Akaongeza oili, taa bado. Tukaenda kwa fundi, akafungua kifuniko cha juu akaingiza kidole, kikatoka na uji mweusi mzito unaovutika, siyo oili tena ile. Akafungua kava la vali, ndani kote kumetapakaa, huoni hata rangi ya chuma. Akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, jicho la pampu ya oili limezibwa, limebaki tundu dogo la kupitisha oili ya injini nzima. Ile taa, na hili naliona watu hawalijui, haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka haisemi ongeza, inasema oili haifiki juu, zima sasa hivi. Yeye alikuwa na oili tele kwenye sampo na injini inakufa kwa kiu.

Injini yake ikafunguliwa yote na haikurudi kuwa vile ilivyokuwa. Na hakukuwa na wa kumlaumu, maana hakuwa na karatasi hata moja. Hata Toyota waliwahi kuwa na kesi ya tope la oili, injini zao za miaka ya 1997 mpaka 2002, silinda 4 ya lita 2.2 na V6 ya lita 3.0, magari kama milioni 3.3, wakaishia kutoa ulinzi wa miaka 8 bila kikomo cha kilometa, lakini mwenye gari alitakiwa aonyeshe alau alijitahidi kubadili oili. Unaona tena? Kosa linaweza likawa lao na bado wakakuuliza karatasi. Peugeot na Citroën nao kwenye injini ya PureTech 1.2 yenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili waliongeza waranti mpaka miaka 10 au kilometa 175,000, masharti yaleyale, servisi iwe imefanyika kwa wakati. Hiyo mikanda ya kwenye oili tuiheshimu, ukiweka oili isiyo ya daraja lake inavimba, inamomonyoka, vipande vinakwenda kuziba jicho la pampu, na kuna kipimo fulani bapa fundi anakichomeka kupitia tundu la kujazia oili kuona kama mkanda umetanuka, kazi ya dakika chache na wengi hawaiombi.

Neno "injini haifi" mi sasa nalielewa hivi, ni injini inayovumilia mateso muda mrefu bila kulalamika. Kuna hasara ndani yake. Injini nyeti inakupigia kelele mapema, hii inakaa kimya mpaka siku inakata.

Kuna hesabu moja huwa nawafanyia watu wanaosema mi gari yangu haivuji oili kwa hiyo sina haja ya kupima. Injini inaweza kunywa oili bila kudondosha hata tone chini, ringi zikichoka oili inapanda inaungua na petroli. Kuna makampuni kwenye kupima wanachukulia lita moja hivi kwa kilometa 2,000 kuwa bado haijawa mbaya ya kufungua injini. Sawa, chukua injini yenye oili lita 4, na wewe umepanga kumwaga kila kilometa 10,000. Piga hesabu. Ukifika servisi injini itakuwa imekunywa lita 5, yaani kwa vigezo vyao una gari "nzima" ambayo sampo lake lilikauka njiani. Kijiti cha kupimia kiko pale, gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa oili ishuke, chomoa, futa, chomeka, chomoa tena usome. Mi nafanya kila mwisho wa mwezi na kabla ya safari ndefu. Gari mpya nyingine hazina kijiti kabisa, unasoma kwenye skrini, na hapo nina kinyongo changu binafsi na wahandisi maana kijiti kinakuonyesha pia rangi na harufu, skrini inakuonyesha namba.

Ila kuna upande ambao tabia nzuri haisaidii kitu, na huku naona wale watunzaji wazuri wa magari ndo wanajidanganya. Eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza hiyo mifuko ya hewa inayojaa kumkinga mtu kwenye ajali. Zile zilikuwa na baruti ya amonia naitreti, na kwa miaka ya joto na unyevu baruti inaharibika, siku ajali ndogo inatokea kile kikopo cha chuma chenye hiyo baruti kinapasuka badala ya kujaza mfuko, vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake vilitakiwa kubadilishwa vikopo kama milioni 67, ndo rikoli kubwa kuliko zote walizowahi kuwa nayo, Honda, Toyota, BMW na wengine wengi walikuwemo, na Takata wenyewe wakaomba kufilisika 2017. Hiyo hata uwe unamwaga oili kila wiki. Na ona ubaya wake, gari kuukuu ndo ya hatari zaidi maana miaka imefanya kazi yake, na gari kuukuu ndo imeshabadilisha mikono mara nyingi barua haimfikii mtu. Dada yangu anatunza gari yake vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, haina hata mkwaruzo, tulipoingiza namba ya chasisi ikatoka eabegi ya abiria haijabadilishwa tangu ilipotangazwa. Akaniambia lakini gari haina tatizo lolote. Nikamwambia ndiyo dada, hilo tatizo halisikiki. Aliipeleka, wakabadilisha bure, hakuulizwa risiti ya kitu chochote.

Kwa hiyo siku hizi nikienda kuangalia gari na rafiki anayetaka kununua, nafanya vitu kwa mpangilio wangu. Naingiza namba ya chasisi nikiwa bado niko nyumbani, naangalia rikoli zipi zimefungwa na zipi ziko wazi, iliyofungwa kwangu ni sifa. Nikifika pale naomba injini isiwe imewashwa kabla, naweka mkono juu ya boneti kuhakikisha ni ya baridi, kwa sababu muuzaji mjanja anaichemsha kwanza ili ule mlio wa kugonga wa asubuhi usisikike. Nafungua kifuniko cha oili natazama ndani na tochi. Naomba makaratasi. Muuzaji akianza kunieleza jina la injini na sifa zake badala ya kunionyesha risiti, namwacha amalize, naomba tena makaratasi.

Na ukishanunua, nenda kwenye tovuti ya kampuni ubadilishe jina na anwani ya mwenye gari, zipo kampuni nyingi zinaruhusu, inachukua muda mfupi na barua ijayo inakuja kwako. Gari niliyonayo sasa hivi ina rikoli moja iko wazi, ya pampu ya petroli, wameandika kipuri hakijapatikana bado. Gari inawaka vizuri, lakini pampu ikifa inafia popote, kwa hiyo barabara kubwa natembea upande wenye njia ya kutokea, na kila nikimwaga oili nairudia ile namba kwenye tovuti. Juzi bado walikuwa wameandika vilevile, nikawapigia simu wakala, wakaniweka kwenye orodha ya wanaosubiri.